Mtu wa Tatu katika Nyumba ya Mtaa wa Albert

Mtaa wa Albert, Na. 27, ghorofa ya juu,
Scarholme, Lancashire,
Uingereza.

17 Novemba 2013

Mpendwa Shangazi Enid,

Pokea salamu zetu sisi wawili, mimi na mume wangu Cliff, pamoja na upepo wa pwani hii ambao najua huutamani hata kidogo. U hali gani? Goti limekubaliana na mkongojo mpya au bado wanagombana? Theluji huko Saskatoon lazima imeshaingia, na nakuomba, shangazi, usishike koleo kwenda kuizoa mwenyewe. Umri wako si wa koleo. Mwite Gordon, ndiyo faida ya kuzaa.

Sisi ni wazima, ukiondoa mgongo wangu, ambao unanisema kila ninapotoka kazini kule kwenye nyumba ya wazee. Cliff naye bado anafagia ukumbi wa mchezo wa bingo, bado hajui kunyamaza panapostahili kunyamaza. Hilo la kutonyamaza ndilo lililonifanya nikuandikie barua ndefu namna hii.

Kwanza nisamehe kwa kimya. Barua zako zilizorudi hazikuwa na kosa la anwani. Hatukuwa na anwani. Mwenye nyumba yetu ya zamani aliiuza mwanzoni mwa mwaka, tukakaa kwa kaka yake Cliff mpaka mke wa kaka akaanza kufunga milango kwa kishindo, na baada ya hapo tukalala ndani ya gari, nyuma ya duka kubwa la vyakula. Mlinzi wa pale alikuwa mtu mwema, alijifanya hatuoni. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu, na aibu ni kitu ambacho nimekirithi kwenu upande wa baba.

Ni Cliff aliyenivuta kwenda halmashauri. Kumbe kwa watu wa kipato chetu kuna misaada miwili. Upo wa ruzuku ya kodi, ambapo wanakulipia sehemu ya pango kila mwezi. Na upo wa amana, maana hakuna mwenye nyumba anayekupa ufunguo bila kushika amana mkononi, nasi mkononi tulikuwa na makunyanzi tu. Halmashauri haikupi fedha, inamwandikia mwenye nyumba hati ya dhamana: hawa wakiharibu au wakishindwa kulipa, njoo kwetu. Ni jambo zuri sana, ila wenye nyumba wengi wakisikia neno ruzuku wanakata simu kabla hujamaliza kutaja jina.

Bwana Tattersall hakukata. Alikubali upesi hata nikashangaa, akatupa funguo siku ileile tuliyokwenda kuona. Tulipaswa kujiuliza, lakini mwenye shida hachagui. Tuliuza gari, tukanunua kitanda na jiko, na usiku wa kwanza nililala nimenyoosha miguu, nikalia.

Ni Pauline wa ghorofa ya chini aliyetuambia. Aliniletea keki ya tangawizi, akaketi, akatazama kile kichumba kidogo kilicho kando ya jiko, ambacho sisi tuliweka pasi na masanduku.

"Mwenzangu, humo mmeweka nini?"

"Takataka zetu. Kwani?"

"Aa, basi. Mzee Ogden alipenda kukaa humo. Ndimo walimomkuta."

Mzee Ogden aliishi hapa maisha yake yote ya ujane, na alifariki humo kwenye kiti chake wakati wa baridi. Hakuwa na mtoto wala ndugu. Watu waliokuja kutazama nyumba kabla yetu walikuwa wakifika kwenye kile kichumba wanageuka na kushuka ngazi.

Shangazi, wewe hutanicheka. Kikohozi ndicho kilichoanza. Nilikuwa natia chai alasiri, nikasikia mtu anakohoa humo ndani, kikohozi kikavu cha mzee anayejizuia asisumbue. Nikadhani ni kwa Pauline. Kisha ikaja harufu ya ile dawa ya kuchua kifua, yenye mnanaa, ambayo mimi wala Cliff hatutumii. Kisha ndara, zikiburuzwa kutoka kichumbani mpaka kwenye sinki, zinasimama, zinarudi. Nywele zilinisimama. Kwa muda mrefu sikuweza kuosha vyombo nikiwa nimeupa mgongo mlango ule.

Cliff, asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, alizisikia pia. Siku ya kwanza aliweka gazeti chini akanitazama. Siku ya pili akasema, "Karibu, mzee," akaendelea kusoma. Hivyo ndivyo tulivyozoea, au tuseme yeye alizoea na mimi nikavumilia. Kwenye gari kila mtu aliyegonga kioo alikuwa anakuja kutufukuza. Huyu alikohoa tu, akaenda zake sinki.

Sasa nikueleze ugonjwa wa Cliff. Miaka michache nyuma alipata saa za ziada wakati wa Krismasi, akachelewa kuwaarifu watu wa ruzuku. Walimwita, wakamketisha mbele ya watu wawili wenye mafaili, wakamhoji kama mwizi wa kuku. Alirudi nyumbani amekuwa mdogo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Cliff wangu tangu siku ile huwaarifu kila kitu. Aliwahi kuwapigia kuwaambia ameshinda bata kwenye bahati nasibu ya kanisa.

Basi mwezi uliopita ikaja simu ya kawaida ya ukaguzi. Cliff akaipokea na kuiweka kwa sauti, kwa sababu sikio lake la kulia ni pambo. Niko pale nafuta sahani. Kijana wa watu anauliza kwa adabu, jina, kazi, mshahara. Kisha:

"Kuna mtu mzima mwingine anayekaa hapo nanyi?"

Nikamtazama Cliff, nikaona uso wake unavyobadilika, nikatikisa kichwa mpaka shingo ikaniuma.

"Yupo Mzee Ogden," akasema.

"Ana umri gani?"

"Themanini na kitu, nadhani."

"Ni ndugu yenu?"

"Hapana. Tulimkuta."

"Anachangia kodi?"

"Hachangii chochote, maskini."

Sahani ilinitoka mikononi. Huku kwetu, shangazi, mtu mzima wa tatu akikaa nyumbani mwako wanahesabu kwamba anapaswa kuchangia, na ruzuku yako wanaikata. Na kwa kuwa hatukuwa tumemtaja tangu mwanzo, waliisimamisha yote mpaka ukweli ujulikane. Bwana Tattersall hakuchelewa kunusa. Akatuma ujumbe kwamba kodi isipoingia kufikia katikati ya Novemba, ataidai ile dhamana na kuchukua funguo. Na gari tulishaliuza.

Nilimsema Cliff maneno ambayo sitayaandika kwa mtu wa kanisa kama wewe.

"Piga simu uwaambie ulikosea!"

"Sikukosea, Lorna. Umemsikia mwenyewe asubuhi hii."

"Mtu amekufa, Cliff!"

"Najua amekufa. Wameniuliza nani yupo ndani. Nikisema hayupo nimedanganya, na mimi kudanganya wale watu tena, hapana. Hapana kabisa."

Usidhani ni ukaidi. Nikaona kwamba wale watu wawili wenye mafaili hawakuwahi kutoka kichwani mwake, bado wanamhoji, na nikashindwa kumkasirikia kama nilivyotaka.

Wakatuma mkaguzi, msichana mmoja, Nasreen, ana koti la njano na macho ya mtu aliyeona majiko mengi ya watu. Alikagua miswaki, kitanda, kabati. Akafungua kichumba, akaona pasi na masanduku. Akaketi mezani nasi, Cliff akamweleza kila kitu, kikohozi, dawa, ndara, bila kuruka. Mimi natazama kitambaa cha meza naomba ardhi ipasuke.

Nasreen hakucheka. Alikuwa anaandika, na akiwa katikati ya neno, humo kichumbani mtu akakohoa.

Kalamu ikasimama. Aliutazama mlango, akanitazama mimi, na rangi ikamtoka. Ndara hazikuja, nashukuru. Akafunga faili taratibu.

"Bwana Birtwistle," akamwambia Cliff, "mimi sina kisanduku cha kutia alama kwa jambo hili. Nahitaji saini yako kwamba mnakaa wawili tu. Kesho jioni natakiwa kurudisha majibu, la sivyo madai yenu yanafungwa."

"Siwezi kusaini uongo, binti."

"Nakuelewa." Alisimama, akavaa lile koti. "Basi fanyeni usiwe uongo."

Alishuka ngazi haraka kuliko alivyopanda.

Nikashuka nami kwa Pauline, nikamuuliza jambo moja tu: walipomtoa Mzee Ogden, nani alifungua dirisha? Wewe ndiye uliyenifundisha hilo, shangazi. Babu alipokata roho ulinisukuma begani, ukaniambia nikafungue dirisha upesi, tusimfungie mtu ndani. Pauline akafikiri, akasema hakuna aliyefungua, kwa sababu dirisha la kichumba halifunguki. Bwana Tattersall alilipaka rangi juu ya rangi miaka mingi, mbao zikashikana.

Kesho yake Cliff alishinda asubuhi nzima akilibandua. Alichukua kisu cha siagi na mashine yangu ya kukaushia nywele, akawa analainisha rangi na kuikwangua, analainisha na kukwangua. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Hatimaye dirisha likalia, likapanda, na baridi ya bahari ikaingia na kupeperusha vumbi lote la yule mzee.

Akavua kofia. Cliff, shangazi, ambaye havui kofia hata mbele ya daktari.

"Mzee Ogden," akasema, "nisamehe. Hapa ni pako kuliko petu, hilo nalijua. Hujatukosea kitu, umekuwa jirani mwema. Lakini ukikaa, sisi tunatoka, na mke wangu mgongo wake hauwezi gari tena. Wala gari lenyewe hatuna. Nakuomba uende, mzee. Tafadhali."

Nilisikia ndara. Safari hii zilitoka kwenye sinki nyuma yangu, na zilinipitia karibu kiasi kwamba ubaridi uligusa kifundo cha mkono wangu, na ile harufu ya mnanaa ikanijaa puani. Zilifika dirishani, zikasimama.

Zilisimama muda mrefu. Nami nilijua kabisa anafanya nini, kwa sababu niliwahi kusimama vile kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya zamani, natafuta kama kuna kitu nimesahau, na sikuwa nimesahau kitu, nilitaka tu mtu mmoja aseme ngoja. Neno lilinifika kwenye ulimi, shangazi. Nikafikiria kitanda, nikafikiria jiko, nikalimeza.

Kisha hapakuwa na kitu tena. Cliff akashusha dirisha, akaenda kusaini, na alisaini kweli tupu.

Ruzuku imerudi, pamoja na ile iliyosimamishwa. Bwana Tattersall sasa ananisalimia kwa jina. Nasreen alipiga simu kutupa majibu, na kabla ya kukata akauliza kwa sauti ndogo, "Na yeye?" Nikamwambia ameondoka. Akakata simu.

Alasiri natia chai na sisikii chochote. Nilidhani nitashukuru. Badala yake naacha bomba likitiririka ili pawe na sauti. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Sisi tulimwambia, tena kwa adabu, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jana Cliff alikuwa anakula, akaweka uma chini.

"Lorna, unadhani amepata pa kukaa?"

Nikamwongezea viazi. Wewe umewazika wengi, shangazi, na unajua mambo haya kuliko padri wetu. Sisi tulipokosa pa kulala tulipata kule halmashauri kiti cha kungojea na mtu wa kutuuliza majina yetu. Yeye ataulizwa na nani? Ukilijua hilo niandikie, nimweleze Cliff, maana nimemkuta mara mbili amesimama kule kichumbani ameliinua dirisha kidogo, na nikimuuliza anafanya nini anasema anaangalia tu kama kuna mtu chini.

Nisalimie Gordon na Sheila, na yule mjukuu mpya, Tobias, mbusu shavu la kushoto na la kulia. Mwambie Sheila mapishi ya keki nitamtumia nikiyapata kwa Pauline, ambaye anayaficha kama dhahabu. Mungu akupe paa lisilovuja, na akupe wa kukaa naye chini yake siku zote.

Wako akupendaye kama mama,
Lorna