Neno "Amana" Juu ya Tairi la Ami Usi

Jumapili, tarehe 8 Juni. Asubuhi manyunyu, kisha jua la kipupwe.

Mpendwa Bi. Ummkulthum, nasoma majibu yako gazetini kila wiki, naomba msaada wako, maana hili siwezi kumwambia mtu wa nyumbani. Mimi ni Sumaiya wa Michenzani, fundi msaidizi katika timu ya magari ya mashindano, gereji yetu ipo Kidichi, fundi mkuu ni Ami Usi, ndugu wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, na dereva ni Sabri, mwanawe wa pekee. Watu huona gari likipita na vumbi wakapiga makofi, lakini laiti wangeona kabla, Bibi, gari likiinuliwa na mafundi wakilizunguka bila ya neno, kila mmoja na tairi lake, na Ami Usi akiweka kiganja juu ya injini inayounguruma, akasema, "Huyu ana mafua, plagi ya tatu," na ikifunguliwa ni kweli, mpaka leo mwili hunisisimka. Kwetu aliyekaza tairi huweka mkono juu yake akasema "Amana", na baada ya hapo hakuna mwengine anayeligusa, kuligusa ni kumwambia mwenzio humwamini.

Sasa macho ya ami yameingia ukungu, na anaficha. Mwezi uliopita niliona nati ya tairi lake imekaa upande, naye keshasema "Amana", nikasubiri akaondoka nikaikaza upya, na tangu hapo nafanya hivyo kila mara. Jana kwenye mazoezi akanikuta.

"Sumaiya, mbona umechutama kama kuku anayetamia?"

"Naokota kitambaa, ami."

"Kitambaa hicho kina mayai? Inuka, mwanangu, Sabri anasubiri."

Watu wakacheka, nikainuka, nati moja sijaifikia, Sabri akaondoka kwa kasi, na mpaka aliporudi salama sikuliondolea jicho tairi lile. Mwisho wa mwezi tunavuka kwenda bara kwenye mashindano yenyewe, na huko sitapata nafasi ya kupita nyuma yake. Nikisema, nnamvunjia heshima mzee aliyenifundisha kushika spana, nikinyamaza, sijui. Nishauri, Bibi. Saa nane za usiku, ndio kwanza nnakwenda kulala.

Sumaiya

Sumaiya mwanangu,

Gereji yenu imenisisimua hata mimi nisiyejua kufungua boneti. Mikono unayo ya fundi, lakini ulimi umeuweka wapi? Unadhani unamsitiri ami yako. Siku nati usiyoifikia itakapochomoka, yeye ndiye atakayemwosha mwanawe, na wewe utakuwa ulijua. Hiyo ndiyo heshima?

Usiseme mbele ya mafundi. Mpelekee chai asubuhi, mwamkie, kaa chini, mweleze yote, hata kile kitambaa cha uongo. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mpeleke hospitali akapimwe macho, huenda ni mtoto wa jicho, na hilo lina matibabu. Mpaka apone asikaze tairi. Abaki na injini, kiganja chake hakijaingia ukungu. Na muombe atoe amri yeye mwenyewe, kama fundi mkuu: kila tairi watu wawili, mmoja akaze, wa pili akague, ndipo waseme "Amana" pamoja. Amri ikitoka kinywani mwake, nani wa kumcheka?

Akikataa, mwambie Sabri kabla hamjapanda boti. Roho ni yake.

Uliniandikia mpaka saa nane za usiku. Zungumza na ami yako, na siku hiyo utalala mara tu baada ya Isha.