Uji wa Pilipili

Jumatatu, 6 Julai 1931

Uji saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Nimetia pilipili pipa zima, kama wiki iliyopita. Mimi ni dresa, mtibu wagonjwa wa shamba hili la chai, si mpishi, lakini dawa hii ya baridi ni yangu na siamini mkono wa mtu mwingine. Wachumaji walikunywa wakitokwa na jasho na kamasi. Vicheko. Wananiita daktari. Sikatai.

Jumanne, 7 Julai

Wagonjwa wa kikohozi wawili tu. Meneja kanisifu mbele ya karani. Anataka pilipili iende kambi zote. Nimefurahi hata chakula cha mchana kikanishinda.

Kwa joto la pilipili, vijana wameanza kuacha magunia nyumbani. Gunia ndilo koti letu la mvua hapa. Sasa anayelivaa anachekwa, eti bibi kizee. Kiongozi wao ni Otieno, rafiki yangu. Mtu wa ziwani, mwembamba, mwaka jana alitetemeka mpaka Agosti. Leo kifua wazi shambani, anaimba.

Jumatano, 8 Julai

Nimejipima. Themometa kwapani kabla ya uji: zebaki kwenye mshale, joto la mtu mzima. Nikanywa vikombe viwili, nikasimama kwenye upepo bila shati, kama wao. Masikio yanawaka, mgongo umelowa. Najisikia tanuri. Nikaikung'uta themometa, nikapima tena. Zebaki chini ya mshale. Nikaikung'uta tena, nikapima mara ya tatu. Chini zaidi.

Nimefikiri mchana kutwa. Pilipili inaita damu ije kwenye ngozi, jasho linatoka, na joto linatoka nalo. Ni kama kuacha mlango wazi nyumba ikiwa na moto. Aliye mlangoni anaona joto, nyumba inapoa. Kuni ni uji wenyewe.

Nikisema, nitakuwa kichekesho. Na meneja je? Nitasema Jumatatu, polepole. Mimi ni mwoga. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 9 Julai

Sikusema. Uji umetoka na pilipili.

Saa nane mvua ya mawe. Wengi walikimbilia banda la mizani. Otieno alikuwa juu kabisa, karibu na msitu, bila gunia. Nyapara, arap Koech, alimleta mgongoni. Hatetemeki. Hilo ndilo lililonitisha: mwili umeacha kupigana na baridi. Ulimi mzito, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake.

Mkewe, Akinyi, alikuja mbio na kikombe cha uji, mwekundu kwa pilipili. Nikakizuia.

"Si wewe ulisema ni dawa? Mpatie, daktari!"

"Hapana, shemeji."

Kambi nzima ilinitazama. Alipojaribu kumnywesha kwa nguvu, nilikimwaga chini. Akanilaani kwa Kijaluo. Nilielewa yote.

Tukamvua nguo zilizolowa. Mablanketi manne. Koech upande huu, mimi upande ule, ngozi kwa ngozi. Nilipima. Zebaki haikupanda hata kidogo. Akifa, nimemuua mimi. Nilisali kwa sauti, maneno hayakupangika.

Ijumaa, 10 Julai

Alfajiri ameanza kutetemeka. Meno yanagongana. Sijawahi kufurahia kutetemeka kwa mtu. Baadaye ameomba maziwa.

Asubuhi uji mtupu. Nimesimama kando ya pipa nikawaambia wote: pilipili inadanganya ngozi, vaeni magunia. Wakacheka. Koech akasema, "Daktari amechoka, wacha apumzike kidogo." Hasira zilinipanda. Meneja hajaniita. Bora aniite.

Jumapili, 12 Julai

Otieno ametembea mwenyewe mpaka kanisani.

Mchana Akinyi alikuja dispensari na kuku jike, miguu imefungwa kamba. Aliniomba radhi kwa yale matusi. Anasema pilipili ya siku zile zote ilikuwa imebaki mwilini, ndiyo iliyomwokoa mumewe. Kambi nzima inasema hivyo.

Ningeweza kunyamaza. Nilitaka sana kunyamaza.

Nikamwambia: pilipili ndiyo iliyomvua gunia, na mimi nilijua tangu Jumatano.

Akainama, akamwokota kuku wake, akaenda zake.

Nimefagia manyoya mlangoni, nikafunga.