Mkono Wako Haukukatwa na Panga

Musyoka, ndugu yangu,

Jana asubuhi foromani wako wa mjengo alimwambia afisa wa kazi, kwenye kikao cha fidia yako, kwamba mkono wako ulikatwa na panga wakati wa fujo za uchaguzi, wala si na mashine yake. Afisa akamuuliza ana ushahidi gani. Akatoa gazeti la Januari lililokunjwa mara nne, akasoma aya moja kwa sauti. Jina lako limo, umri wako umo, hata mtaa wako wa Kongo, Kawangware. Mkeo Mbithe alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakunitazama. Anajua aya ile ni ya nani.

Ni yangu.

Siku ile nilikuwa zahanati nikinakili majina ya majeruhi. Muuguzi akasoma jina lako: mkono wa kulia, vidole vitatu. Waliotangulia kwenye orodha walikuwa wamekatwa mapanga katika mitaa ya Soweto West na Raila, nami nikaendelea na mwandiko uleule, panga, bila kuuliza. Miaka kumi na tisa ya uandishi, huwauliza watu hata jina la mbwa wao. Nilijua ni wewe. Ulikuwa chumba cha pili. Nikasema nitakuja nikimaliza kuandika, halafu sikuja.

Siku ya tatu nilikukuta kwako na gazeti mapajani.

"Brathe, umenipeleka vitani bila kuniuliza!" Ulikuwa unacheka. "Mimi nimepigana na mikisa tu. Andika mikisa, nayo ipate jina."

Ukanieleza. Kusafisha mikisa ya konkriti ni kazi ya watu wawili, mmoja akishika klachi, lakini tangu vurugu zianze nusu ya wenzako hawakuwa wanafika. Injini ni nzee. Ikizimwa, kuirudisha ni kuzungusha hendeli hadi mabega yaume, na foromani anapiga kelele. Kwa hiyo ulikwangua konkriti iliyoganda pipa likizunguka, kama mnavyofanya nyote. Kifuniko cha gia kilikuwa kimetolewa zamani. Meno yakashika glavu. Glavu ikavuta mkono.

Nikakuahidi nitasahihisha. Mhariri akaniambia, "Nchi inaungua, wewe unaniletea mikisa?" Sikubishana. Wala siwezi kumtwika yeye yote. Sikutaka jina langu lichapishwe karibu na neno kosa.

Uliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisema wiki ijayo. Mara ya pili nilisema nafasi imekosekana. Mara ya tatu hukuuliza. Ulinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika mezani, na wewe ndiye uliyeomba msamaha.

Jeraha likaoza. Ulifariki wiki ile redio zote zilikuwa zikitangaza kwamba viongozi wamepeana mikono. Kule Kitui, kaburini, nilisimama nyuma kabisa.

Wiki iliyopita nilienda kwenye mjengo. Ghorofa imefika ya nne. Gia bado iko wazi. Mtu mwingine alikuwa akikwangua, pipa linazunguka. Nikamwambia azime.

"Mzee, nikizima, utaiwasha wewe?"

Nikaondoka pipa likizunguka, Musyoka.

Jana baada ya kikao Mbithe alinisimamisha kwenye ngazi. "Shemeji, watoto wanaambiwa shuleni baba yao alikuwa mtu wa panga." Kisha: "Wewe si unajua kuandika? Basi andika."

Nimeandika. Ukurasa mmoja: nilichokiona, nilichokisikia kwako, na kwamba sikuuliza. Nimetia sahihi. Nakala moja nimempa afisa, nyingine iko mezani kwa mhariri. Akinifukuza, anifukuze. Ningefanya hivi ukiwa hai, ungeusoma wewe mwenyewe, na ungenicheka.

Pumzika, ndugu yangu. Sikuombi unisamehe kabla sijamaliza kazi. Kikao kinaendelea Jumanne, saa tatu asubuhi. Nitaketi karibu na mlango, kando ya Mbithe. Shahidi wa kwanza ni mimi.