Darasa la baleti ulilonisifia

Mwenzangu, acha ulichoshika usome. Nimetoka kwa yule mwalimu wako wa baleti.

Wazazi hawaingii, unajua. Leo mlango haukurudishwa vizuri, nikachungulia.

Watoto wamelala kifudifudi, miguu imepanuliwa kama ya chura. Mwalimu amemkalia binti yangu kiunoni. Amemkalia, kwa uzito wake wote! Nyonga ya mtoto wa miaka sita haijakomaa, hilo halina mjadala.

Nikaingia. "Mwalimu, unafanya nini?"

Akajibu bila hata kuinuka: "Mama, samaki mkunje angali mbichi."

Samaki! Mwanangu huyo!

Nikamnyanyua, tukatoka. Kilichonitia baridi ni kwamba hakulia. Hakuna aliyekuwa analia mle ndani.

Kwenye gari nikamuuliza mbona hakuniita. Akasema, "Nimeambiwa nisilie. Ukilia anakukalia zaidi."

Nikadhani ni vitisho vya mwalimu. Nikamuuliza, "Nani kakwambia?"

Ni binti yako, dada. Alikuwa amelala pembeni yake, akamnong'oneza.

Nimerudi mbio kumchukua, nikakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Nabisha, mwalimu hafungui. Njoo sasa hivi.