Chini ya Mlima Lukwambe

Jumapili, 15 Machi

Bibi amesema haendi Dodoma. Amesema tukitoka kanisani, mbele ya watu, kwa hiyo hatanii.

Siku ya kupasuliwa macho imeshapangwa: Jumanne, 31 Machi. Mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili. Mimi ananijua kwa sauti, mlango anaujua kwa mkono. Daktari alisema tukizidi kuchelewa, huenda jicho la kushoto lisirudi tena. Mama alishapanga twende kwa treni ya umeme, tupande hapa hapa Kilosa. Basi la kupitia Dumila tulijaribu mwaka jana — Bibi alitapika mpaka Gairo, tukashuka, tukarudi nyumbani. Treni ya zamani nayo si ya kutegemea masika haya. Mto Mkondoa umekula tuta.

Sasa wanawake wa kwaya wamemwambia kwamba treni ya umeme haifuati mto. Inaingia ndani ya milima. Mmoja wa milima hiyo ni Lukwambe, na huko ndiko alikozikwa mama yake na mama wa mama yake.

"Nimpite mama yangu chini ya mgongo kama fuko?" amesema Bibi. "Bila hodi?"

Mama akamwambia hayo ni ya zamani, yeye ni Mwanglikana. Bibi akajibu kwamba Uanglikana aliuanza Mama hajazaliwa, na makaburi amefagia miaka yote hiyo, na Mungu hajamlalamikia.

Nimemwahidi Bibi nitatafuta reli inapita wapi hasa, na nitamwambia kama ilivyo. Nina hakika haipiti pale. Milima ni mingi.

Jumanne, 17 Machi

Leo nimebaki shuleni na Mwalimu Theodory wa jiografia. Ametoa ramani ya kontua, ile kubwa inayopasuka kwenye mikunjo. Ni ya zamani, reli mpya haimo. Akafungua picha ya setilaiti kwenye simu yake, tukazilinganisha.

Nimefurahi mno, sijui kwa nini sikuwahi kuliona jambo hili. Reli ya zamani inafuata mto kama mbuzi anavyofuata majani — mto ukipinda inapinda, bonde likibana inabana. Ndiyo maana kila mafuriko yanaikuta pale pale. Reli mpya haina subira hiyo. Inafika mlimani inatoboa, inatokea upande wa pili, inavuka daraja, inatoboa tena. Huko juu hakuna barabara, hakuna nyumba, ni msitu na mawe tu. Na katikati mstari mweupe umenyooka!

Mwalimu ameniambia niweke rula kutoka mdomo wa handaki mpaka mdomo wa pili. Handaki la Lukwambe tumelipata. Lipo kweli. Lakini mlima ni mpana, makaburi yanaweza kuwa popote.

Nikasema nadhani yako upande wa kusini, mbali na rula. Mwalimu akaniuliza nani kaniambia. Hakuna aliyeniambia.

"Huu si mtihani, Editha," akasema. "Usianze na jibu unalolipenda."

Anayejua makaburi yalipo ni Mjomba Donati. Ndiye anayeyafagia tangu macho ya Bibi yalipoharibika. Nitamfuata Mikumi.

Jumamosi, 21 Machi

Mikumi na kurudi. Kijiji cha Ulaya, njiani, kilikuwa na gulio, basi likasimama mpaka kuku wote wakapakiwa.

Mjomba ana kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, kwenye malori ya Iringa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa kwenye tairi. Alipomaliza akanawa mikono, nikamwonyesha picha niliyochora kwa kuifuatisha ile ya Mwalimu. Nikamwonyesha kijito, daraja, midomo ya handaki. Akaielewa upesi. Akaweka kidole.

"Hapa. Chini ya chemchemi, penye mawe mawili."

Kidole kilikaa juu ya mstari wa rula.

Mjomba akacheka kidogo, halafu akaacha. Akaniambia nimwambie Bibi kwamba reli inapita mbali. Nikasema nilimwahidi kumwambia kama ilivyo.

"Unataka nini, aone au ajue?"

"Vyote, Mjomba."

"Shule inakufundisha kubishana na mjomba wako. Vizuri. Basi mimi ndiye ninayesema katika ukoo huu, na nimesema inapita mbali."

Kwetu Wakaguru neno la mjomba ni neno. Amenipa maandazi ya njiani. Nimeyarudisha nyumbani yote.

Jumapili, 22 Machi

Sikusema. Bibi hakuuliza. Ameimba nyimbo zote kanisani kwa sauti kubwa, bila kitabu.

Jumatatu, 23 Machi

Nimesema.

Bibi alikuwa anachambua maharage kwa vidole, mabovu anayajua kwa kuyagusa. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia: Bibi, inapita chini yao. Mjomba ameweka kidole palepale kwenye mstari.

Akaendelea na maharage. Nilifikiri hakunisikia.

"Na Donati alikutuma uniambie hivyo?"

"Hapana. Alinituma niseme iko mbali."

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mke mwenzangu, ungesema iko mbali ningekaa kitini palepale, nisiende popote. Mlima ambao reli haiupiti hausemwi na kwaya nzima."

Kisha akatulia. Amesema sasa anajua la kufanya. Mjomba apande Lukwambe, afagie, amwage unga na pombe kidogo, aseme kwamba mtoto wao atapita chini siku fulani kwa ajili ya macho. Asipopanda, yeye Bibi hapandi treni. Amesema kwa upole kabisa. Upole huo ndio unaonitisha.

Mama amenikasirikia. Amesema mwenye akili angekaa kimya wiki moja tu. Amempigia Mjomba, nimemsikia Mjomba akifoka mpaka nje ya simu. Mvua, njia inateleza, malori yanamngoja, na huyo binti wako.

Bado naona nilifanya sawa. Nadhani.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Mjomba hapokei simu.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Shule imefungwa. Nimefungasha nguo za Bibi kwenye begi langu la shule. Amezitoa. Nimezirudisha.

Jumamosi, 28 Machi

Amekuja! Alfajiri, kwa bodaboda, jembe begani, koti la mvua limechanika. Hakuniangalia. Akanywa chai amesimama, akamchukua jirani yetu Mzee Yeremia, maana ni Mgogo, mtani wetu, na shughuli ya makaburi bila mtani haijakamilika. Mzee Yeremia alianza kutusema kabla hajavaa viatu.

"Nyie Wakaguru mnaogopa mpaka wafu wenu. Wetu sisi wanapanda treni bure na dirishani wanakaa wao."

Bibi akamjibu kwamba ni kwa sababu Wagogo walio hai wameshindwa kulipa nauli. Ni mara ya kwanza wiki hii kumwona amekaa wima.

Wamerudi jioni, matope mpaka magotini. Hawakufika. Mkondoa umejaa, hauvukiki kwa mguu wala kwa kamba. Wamefagia mahali ukingoni, wakaelekeza nyuso Lukwambe, Mjomba akamwaga unga na pombe, akasema maneno. Mzee Yeremia naye akawatukana marehemu kwa sauti kubwa ili wasikie ng'ambo.

Mjomba alimweleza Bibi yote. Angeweza kusema walifika. Nilikuwa namwangalia, na aliponiona namwangalia akageukia ukutani.

Bibi akapapasa koti la Mjomba lililochanika.

"Hodi ya mbali nayo ni hodi," akasema. "Ila ile 'karibu' sijaisikia."

"Basi unapanda au hupandi, Mama?" Mjomba akauliza.

"Nitabisha mwenyewe nikifika."

Jumatatu, 30 Machi — ndani ya treni

Naandika tukiwa tunakwenda. Mwandiko wangu haujaharibika hata kidogo, treni haitikisiki. Mama amekaa mbele yetu, kafumba macho ila hajalala. Bibi yuko dirishani. Ameniambia nimsomee njia, namsomea: mto upande huu. Reli ya zamani ile kule chini, imeinama na bonde. Sasa tumeuacha mto. Daraja. Handaki — si hili, Bibi. Limekwisha. Msitu, maporomoko, hakuna mtu. Handaki jingine, si hili.

Amevua viatu. Huko makaburini hupiti na viatu. Kijana wa upande wa pili ameziba kicheko kwa mkono.

Nauona mlima. Naweka kalamu.

Tumetoka. Lilikuwa fupi kuliko ubeti wa wimbo. Wiki zote hizi kwa ajili ya giza fupi namna ile.

Nilimwambia: ni hili, Bibi. Akaweka kiganja kwenye kioo, akasema "Hodi" — si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni. Kijana akaacha kucheka. Na nyuma yetu, gizani, sauti ya mama mtu mzima ikaitikia "Karibu, mama," taratibu, kama mtu anayeitikia huku anasonga ugali.

Nimegeuka. Ni abiria. Ana kitenge cha kijani na mtoto amelala mapajani. Ameitikia tu, kama mtu yeyote angeitikia. Sasa anamfunika mtoto, ameshasahau.

Bibi hajageuka. Mkono wake bado uko kwenye kioo na uso umelegea kama ulivyokuwa zamani, kabla ya macho. Dodoma bado mbali.

Ameniuliza, polepole, kwa lugha ya kwetu, ambayo huitumia akitaka ukweli:

"Editha. Nani aliyeitikia?"

Mama amefumbua macho, ananiangalia. Bibi anangoja.