Stempu Kumi na Moja za Darshan

Thornton Heath, London
Jumapili, 9 Machi

Kwako Dada Dinah,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, mzima wa mwili ingawa moyo umechoka. Hamjambo hapo nyumbani? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Nasikia Voi bado mnaingoja mvua. Huku tuna mawingu tangu Krismasi, na radieta ya kupasha joto chumba changu huamua yenyewe siku ya kufanya kazi.

Najua utashangaa kupata barua, wakati kila siku unaona picha zangu kwenye WhatsApp. Ninachotaka kukwambia hakifai kusikilizwa sebuleni mbele ya watu. Ukae peke yako uisome.

Tangu mwaka jana nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja wa Kihindi kule Stanmore, upande wa pili kabisa wa jiji. Jina lake Ranjan. Alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilibaki kile cha dukani, cha kuamrisha na kutania kwa pumzi moja. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Voi, alisema afadhali, maana alikuwa ameshaletewa watu wanne wasiojua kuwa chai huchemshwa pamoja na maziwa. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga wa dirisha, na kivuli changu nikipita.

Kabatini alikuwa na boksi la viatu lenye bahasha kuukuu kumi na moja za Kanada, zilizopita posta kabla babu yetu hajazaliwa. Zilikuwa zimechakaa, zina madoa ya rangi ya chai na kingo zilizoraruka. Lakini stempu zake zilikuwa nzuri, nyekundu, nyingi zikiwa na picha ya mnyama wa majini mwenye mkia bapa kama mwiko wa ugali. Mzee hakuwahi kuzitaja bahasha. Alisema tu nimletee stempu za Darshan, kisha nimsomee majina ya watu na miji, naye husikiliza ameinamisha kichwa.

Darshan alikuwa mdogo wake, aliyehamia Toronto. Mama yao alipofariki hapa London, Darshan hakuja kumuaga. Alisema kazi ilimbana. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusemezana, ila kila mwaka Darshan alinunua bahasha moja ya zamani kwenye mnada wa huko na kumtumia kaka yake, bila neno hata moja. Ziliendelea kuja mpaka mwaka juzi, Darshan naye alipofariki. Siku niliyosimuliwa habari hiyo nilijifanya nakwenda kuzima jiko, nikasimama jikoni mpaka nikaweza kurudi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Mzee alilazwa kwa nimonia, majuma mawili. Binti yake, Natasha, aliniomba niangalie nyumba. Nikaona nimwandalie Mzee kitu cha kumfurahisha akirudi. Unakumbuka Baba alivyotufundisha, alipokuwa karani wa Posta? Bahasha ni takataka, stempu ndiyo mali. Unakata pembe kwa mkasi, unailoweka kwenye karai la maji vuguvugu, stempu inaachia yenyewe, unaianika juu ya gazeti, kisha unaikandamiza ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilifanya hivyo hivyo, dada, kwa uangalifu wote, huku nikiimba. Nilinunua albamu yenye jalada la kijani nikazipanga zote kumi na moja. Bahasha nilizitia kwenye pipa la karatasi, na Jumanne gari la manispaa likazichukua.

Mzee alirudi amekonda, hawezi kuketi bila mito. Kabla sijampa albamu, alinishika mkono. Alisema sasa nijue siri ya zile stempu: kwamba peke yake hazina maana kubwa, thamani iko kwenye bahasha nzima, kwa sababu muhuri umegongwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi, na hapo ndipo unaona barua ilitoka wapi na ilipita wapi. Alisema mtu akizitenganisha, safari yote inakufa. Nilikuwa nimesimama pale na albamu nyuma ya mgongo wangu.

Kisha akasema lililonimaliza. Ile bahasha ya mwisho ilikuja na karatasi ndani, imekunjwa, maandishi ya Darshan. Mzee alikuwa na hasira, hakutaka kuisoma, akairudisha ilimokuwa. Baada ya mwezi akapata habari ya kifo, na macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. Natasha asingeweza kumsomea, kwani iliandikwa kwa Kiswahili. Ndivyo walivyoandikiana tangu utotoni, ili mama yao, aliyejua kusoma Kigujarati tu, asijue wanapanga nini. Sasa aliona amebakiza siku chache. Aliniomba niisome.

Mimi sikuwa nimeangalia ndani ya bahasha hata moja.

Ilinipasa kusema ukweli saa ile. Juu ya meza palikuwa na karatasi ya hospitali, ratiba ya dawa zake, imekunjwa mara tatu. Niliichukua, nikaikunjua taratibu ili asikie sauti yake, nikaanza kusoma maneno yasiyokuwapo. Nilisoma hivi: Kaka, sikuja kumuaga Mama. Nilikwambia ni kazi, na haikuwa kazi, ruhusa nilikuwa nayo mkononi. Niliogopa kuona mlivyozeeka bila mimi. Niliogopa zaidi kwamba utanitazama usiseme kitu. Usinisamehe haraka, lakini usiache kunitaja nyumbani.

Mzee alilia kwa muda mrefu. Aliniomba nirudie, na siku zilizofuata aliniomba kila asubuhi baada ya chai. Siku moja niliruka lile neno la kuogopa zaidi, akanisahihisha.

Alifariki siku tisa zilizopita, siku ya Ijumaa. Alikuwa amemwambia Natasha kwamba karatasi ya Darshan iwekwe kifuani mwake siku ya kuchomwa. Natasha aliponiomba, nilisema iko nyumbani kwangu. Niliyaandika maneno yale kwa mkono wangu ndani ya treni, tangu Stanmore mpaka nikafika kwangu, na Alhamisi yakaingia motoni pamoja naye. Habari ya bahasha nilimwambia Natasha siku hiyo hiyo. Alisema kwa Kiingereza kuwa zilikuwa karatasi kuukuu tu, nisijisumbue, kisha akanishukuru kwa kumtunza baba yake. Habari ya barua sikumwambia. Darshan alimwandikia kaka yake jambo fulani, na kwa sababu yangu hakuna mtu duniani atakayelijua.

Nadhani umeshaelewa maneno yale niliyatoa wapi. Weka Baba mahali pa Mama. Nilipowaambia ofisi imeninyima ruhusa ya kuja kumzika, nilidanganya. Nilipewa siku kumi. Nilikuwa nimeahidi kurudi baada ya miaka miwili, nikakaa kumi na minne, na sikuweza kusimama kaburini mkiniangalia. Maneno ambayo ningepaswa kukwambia wewe, nimempa mzee wa watu kwa jina la ndugu yake.

Kuna jambo moja limebaki. Ile barua uliyonitumia baada ya mazishi, uliponiuliza kama imefika, nilikujibu kwa alama ya kidole gumba. Ilifika. Sikuifungua. Nilijua imejaa lawama, nikaiweka chini ya nguo sandukuni, ikakaa humo karibu miaka miwili. Nimeifungua leo asubuhi.

Msalimie Mama, umwambie Pasaka ya mwakani nitakuwa hapo, na safari hii siku za ruhusa nitazitumia. Wasalimie watoto na wote wa kanisani. Na maswali yako mawili ya kwenye barua ile, samahani nimechelewa kuyajibu. Nakula vizuri, dada. Na koti zito nililipata.

Ni mimi mdogo wako,
Zephaniah