Shemeji Uliyemtaja Msituni

Rasbura,
Lindi.
3 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Saad,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo wewe? Salome na watoto hawajambo? Huko Mwanza mvua zimeanza au bado mnapikwa na jua? Sisi hapa Rasbura wazima, Alhamdulillahi. Mama miguu inamsumbua jioni lakini anakula vizuri, na ulimi wake bado mkali kama unavyoujua. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa, na nitakueleza kwa nini.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu unazikata. Barua hii anakuletea Bashiru, yule jirani yetu dereva wa lori. Nimemwagiza akupe wewe mwenyewe na asiondoke mpaka akuone umeifungua.

Unanijua, kila mwaka korosho zikianza kuanguka lazima nipande msituni kwetu. Watu hunicheka: mwanamke mzima mwenye duka la vitenge anafunga biashara akakanyage majani kutwa ili atazame maua. Nami hucheka nao. Mwaka huu nilikwenda na shoga yangu Kijakazi. Tulilala Milola, alfajiri tukashika njia ile ile: mikorosho kushoto na kulia, mabibo yameiva yananuka mpaka kichwa kinakuwa chepesi, kisha mashamba ya mihogo, kisha mbaazi zilizokwisha vunwa, kisha ule mpando wa mchanga unaomaliza magoti. Kijakazi nilimwambia avae viatu, akakataa. Kamba ya kandambili ikakatika hatujamaliza hata mihogo, akatembea peku akinisema njia nzima.

Kwenye mti mmoja kando ya shamba nikaona okidi ya kwanza, ile ndogo nyeupe yenye mkia mrefu, imejishika kwenye gome. Nikapiga makofi. Kijakazi akauliza kama inaliwa.

Ila watu wa mashambani safari hii hawakuwa wale wale. Waliitikia salamu bila kusimama. Yule mama ambaye kila mwaka hunipa mabibo ya njiani aliinama akaendelea kuokota korosho zake. Nikadhani ana yake yanayomsumbua.

Ukingoni mwa msitu, pale tunapovulia viatu, nikamkuta Mjomba Mfaume amekaa. Nikatoa unga wangu wa mtama nipige hodi kama siku zote. Akanishika mkono.

"Rudisha unga wako, mwanangu," akasema. "Nyumba ya mama yako Mwanaidi haiingii tena humu."

Saad, nilicheka. Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Akanyanyuka, akaniambia nimfuate nikatazame kwa macho yangu, nisiguse kitu.

Ile miti unaijua. Mwaka jana tulisimama chini yake mpaka shingo zikatuuma, okidi za chui zimejaa juu, mashada ya njano yenye madoa ya kahawia, nawe ukasema harufu yake unaisikia mpaka mdomoni. Sasa matawi yamekatwa kwa msumeno. Mahali pengine wameangusha mti mzima ili wasipate taabu ya kupanda. Zilizovunjika wameziacha chini, zimenyauka na kukanyagwa. Niliokota moja nikalia mbele ya Mjomba kama mtu aliyefiwa.

Nikamwuliza ni nani aliyefanya haya.

"Shemeji yenu," akanijibu. "Yule Benjamin wa Saad."

Alikuja Agosti na gari na watu wenye misumeno. Milola wakamwuliza yeye nani, akasema ni shemeji wa Saad mwana wa Mwanaidi, na kwamba alishatajwa msituni. Watu wakamkumbuka, wakampisha. Wengine walimsaidia kubeba mpaka barabarani, wakijua wanamsaidia mtu wa nyumba. Desturi yetu umekua nayo, Saad. Mgeni haingii mle. Anaingia mtoto wa nyumba, na mtu wa ndoa wa upande wetu, na huyo lazima atajwe kwa jina na mwenyeji wake akiwa na unga mkononi. Hakuna anayedai ushahidi, neno la mtoto wa nyumba linatosha. Na mwaka jana ni wewe uliyeushika unga, ukasema mbele yangu na mbele ya Mjomba: "Huyu ni Benjamin, kamuoa dada wa mke wangu." Mimi kwao Salome sijawahi kufika, nikaamini.

Nilikutetea. Nilimwambia Mjomba kwamba nawe umetapeliwa kama sisi, na mashemeji wabaya wapo kwenye kila ukoo. Niliporudi Milola penye mtandao nikampigia Salome, nimpe pole kwa aibu aliyoletewa na mume wa dada yake.

"Wifi," akasema, "mbona mimi sina dada? Kwetu msichana ni mimi peke yangu. Benjamin gani huyo?"

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Kijakazi akadhani nimepigiwa simu ya msiba.

Umeniuza, Saad. Sina neno lingine. Kumbe zile sifa zote ulizokuwa ukinimwagia njiani, dada unajua kila mti, dada tuonyeshe na ule pale, kilikuwa kilemba cha ukoka. Mimi nanyoosha kidole, rafiki yako anapiga picha, nawe unatabasamu huku ukijua kila ninachokionyesha kitakwenda kuuzwa. Mtu huyo alilala nyumbani kwetu, Mama akampikia kwa mikono yake. Sijui alikuahidi nini, na usinieleze. Kama ulikuwa na shida ungeniambia, ningeuza duka zima. Mgongo huu ulikubeba wakati Mama yuko shambani, na leo umenifanya daraja la kumvushia mwizi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kaburi la bibi liko ndani ya ule ukingo, na Mama tangu zamani ameusia alazwe pale, ubavuni mwa mama yake. Mjomba amesema nyumba yetu haiingii, mzima wala maiti. Hakusema kwa kiburi. Anamzungumzia dada yake wa tumbo moja. Lakini wanakijiji wamekaa wakakubaliana: aliyemwingiza Benjamin kwa mdomo wake, yeye ndiye aje amtoe kwa mdomo wake. Nilijitolea mimi, wakanikatalia.

Kwa hiyo uje. Utembee kwa miguu kutoka Milola, wakuone kwenye kila shamba, ufike ukingoni ushike unga mbele yao, useme kwamba ulidanganya na mtu yule si wetu. Usinitumie ujumbe wa sauti wala usimtume mtu. Mama hajui lolote. Aliponiuliza habari za huko nilimwambia maua yamechelewa mwaka huu, nikageuza uso asinione.

Msalimie sana Salome, mwambie sina kinyongo naye hata chembe. Nibusie Nusaiba na mdogo wake. Kijakazi anakusalimu kwa shingo upande. Mjomba hakunipa salamu zako, nami sikumwomba.

Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa ubavuni mwangu nikiandika, shukuru kwamba kusoma hajui, na ameniamuru nisisahau kumsalimia shemeji yako Benjamin, kijana mwenye adabu. Anasema siku yake ikifika, naye awemo kati ya watakaobeba jeneza, maana njia ya kule juu ameshaijua.

Mwenyezi Mungu akulainishe moyo na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Mboni